Matambara yana soko, lakini malipo yanamfikia nani?

Jioni ikiingia katika soko la Gikomba jijini Nairobi, nguo bora, zile zinazoitwa kamera, zikiwa zimechaguliwa tangu alfajiri, kinachobaki chini ni jinzi zilizotoboka magoti, sweta zilizolegea shingo na mashuka yenye madoa. Hali haitofautiani sana na Karume, Dar es Salaam, au Owino, Kampala. Kenya peke yake iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka 2019, na katika marobota hayo daima kuna sehemu ambayo muuzaji hawezi kuiuza kama nguo. Wingi huo umezaa wazo linalorudiwa sana katika semina za ujasiriamali: malighafi ni ya bure au karibu na bure, kwa hiyo sanaa ya nguo kuukuu, iwe mifarishi ya viraka, picha za kushona za kutundika ukutani, mifuko au makoti yaliyoungwa upya, ni biashara ya mtaji mdogo na faida kubwa. Nusu ya kwanza ya wazo hilo ni kweli. Nusu ya pili imewaponza wengi, kwa sababu inatafuta gharama mahali ambapo haipo.

Gharama ya kazi hii iko kwenye muda. Chukua suruali moja ya jinzi. Mshono wake umekunjwa na kupigwa nyuzi mbili sambamba. Kuufumua kwa wembe bila kukata kitambaa kunataka subira, na mwishowe unapata vipande vinne virefu, vipana mapajani na vyembamba miguuni, kila kimoja kimechakaa kwa namna yake. Kabla ya hapo suruali ilifuliwa. Baada ya hapo vipande vitapigwa pasi, vitapangwa kwa rangi, ndipo mkasi uanze. Kiwanda hutandaza matabaka mengi ya kitambaa kipya na kuyakata yote kwa mkupuo mmoja. Mwenye matambara hana njia hiyo, maana hakuna vipande viwili vinavyofanana na kila kimoja kinadai uamuzi. Akiongeza cherehani na wasaidizi, muda unaotumika kwa kila kazi haupungui sana. Akiiweka kazi yake kando ya blanketi la kiwandani na kushindana kwa bei, ameshindwa kabla mteja hajauliza. Ninachoshikilia ni kwamba anayedumu katika sanaa hii ni yule anayeuza huo uamuzi wake, kwa jina lake na kwa masharti yake. Anayeuza kitambaa kilichoungwa tu hafiki mbali.

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko mingi unatoka Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya mto Alabama, kusini mwa Marekani. Wanawake wa pale, wengi wakiwa ni kizazi cha watumwa wa shamba la pamba la Pettway, walishona mifarishi kwa nguo za shamba zilizochakaa ili familia zisilale na baridi. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mmoja kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki, na leo unahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa ya nchi hiyo. Katika mifarishi ya aina hiyo unaona umbo la pembe nne la buluu iliyokolea mahali mfuko ulipobanduliwa, katikati ya kitambaa kilichopauka kwa jua. Hakuna kiwanda kinachoweza kuipanga alama hiyo, na mshonaji aliyeamua iwe juu, chini au ubavuni ndiye aliyefanya kazi ya sanaa.

Mwaka 1966, katika joto la mapambano ya haki ya kupiga kura, wanawake wa kijiji hicho na vijiji jirani waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee, wakaanza kushona kwa oda za maduka makubwa kama Bloomingdale's. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za mito za kodrai. Fedha ilikuwa ya uhakika, na kwa familia zilizozoea kusubiri mavuno ya pamba hilo halikuwa jambo dogo. Lakini oda ilitaka foronya zote zifanane, kwa mchoro wa mnunuzi. Ubunifu wenyewe ulihamia nyumbani: mabaki ya kodrai yalibebwa, na usiku yakawa mifarishi ambayo baadaye ilitundikwa kwenye makumbusho. Wapo wanaoidharau kazi ya oda wakidhani inaua kipaji. Gee's Bend inaonyesha kinyume. Oda ililisha nyumba na hata kuleta kitambaa, mradi isichukue saa zote za siku. Msanii anayekataa kushona mifuko ya kawaida kwa sababu yeye ni msanii atakosa kodi ya nyumba mwezi ambao hakuna mnunuzi wa picha ya ukutani, na miezi ya namna hiyo ndiyo mingi.

Ushirika ulilipa ujira, haukujenga majina. Majina yalikuja mwaka 2002, mifarishi ilipoonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston kisha kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu kumi. Hapo ndipo suala la malipo lilipokuwa gumu, kwa kuwa kazi moja ya mkono sasa inazaa bidhaa nyingi: kitabu, zulia, kadi, stempu. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai hawakulipwa sawasawa kwa kazi na michoro yao; kesi zilimalizika mwaka uliofuata. Sina haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Ugomvi wenyewe unatosha kuonyesha kwamba kuuza kitambaa na kuuza mchoro ni biashara mbili, na asiyezitenganisha kwa maandishi siku ya kwanza atazitenganisha mbele ya hakimu. Isitoshe, sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi msanii sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2001, zinampa, kuanzia takriban asilimia 4 na kushuka kadiri bei inavyopanda. Mwaka 2021 washonaji wa Gee's Bend walianza kufungua maduka yao wenyewe kwenye jukwaa la mtandaoni la Etsy. Baada ya miaka 55 tangu ushirika uanzishwe, mshonaji akawa ndiye anayetaja bei.

Afrika Mashariki somo hilo limeanza kushikwa. Jijini Kampala, mbunifu wa mavazi Bobby Kolade na kampuni yake ya Buzigahill hununua mitumba, huifumua, huiunga upya na kuirudisha kuuzwa katika nchi zilikotoka, kwa jina la Return to Sender. Nest Collective, kikundi cha wasanii cha Nairobi, ilitumia jina hilohilo mwaka 2022 kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambako ilijenga kibanda kizima kwa marobota ya nguo kuukuu. Katika kazi zote mbili mnunuzi au mtazamaji anajua nani ameamua nini, na historia ya kitambaa ni sehemu ya thamani. Ulinganishe na wanawake wa Kenya wanaofumua sweta za mitumba na kusukia vyondo kwa nyuzi zake. Kazi yao ni ya ustadi uleule, lakini chondo kikifika duka la watalii hakina jina, na dalali ndiye anayejua bei zote mbili, ya msukaji na ya duka.

Nitaambiwa kwamba haya ni ya wageni, mnunuzi wa hapa hatalipia mkono wa mtu. Jibu liko vichwani mwa wanaume wa pwani. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki kadhaa au miezi, huuzwa kwa mara nyingi ya bei ya kofia ya mashine, na wanaoinunua ni watu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa wanaojua kuigeuza na kukagua tundu moja moja. Tunalipia mkono pale tulipofundishwa kuutambua. Kilichokosekana kwenye matambara ni huo utambuzi, na tatizo ni kwamba hata kwenye kofia mshonaji mara nyingi hulipwa kidogo kuliko anayeichuuza.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema sanaa hii inapamba biashara iliyodhoofisha viwanda vyetu vya nguo. Malalamiko yao yana msingi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufuta nafuu za ushuru za AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika, nchi nyingine zikalegeza, na Rwanda, iliyopandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikasimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Lakini msanii hakuleta marobota hayo, na mitumba ikikoma kesho bado kutakuwa na khanga zilizopauka, sare za shule na mashuka ya hospitali. Kazi yake haitegemei ushindi wa upande wowote. Inategemea mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu vitambaa vyenye picha za kufuma na kazi za ufundi wa mikono kuwa sanaa, ila haimtetei asiye na ushahidi. Picha ya kazi mbele na nyuma, jina, tarehe na vipimo, pamoja na karatasi moja inayosema mnunuzi amenunua kitambaa na hajanunua mchoro: gharama yake ni ndogo kuliko ya uzi. Vikundi vinavyopewa cherehani na wafadhili vingepaswa kupewa karatasi hiyo pia, kwa Kiswahili, kabla ya oda ya kwanza.