Je, Wajua? Popo Anayelala Ndani ya Jani la Mgomba

Popo wa misitu ya Ulaya hupitisha miezi ya baridi kali wakiwa wamezubaa mapangoni na kwenye mashimo ya miti. Popo-migomba wa Afrika hana haja ya pango. Kitanda chake ni jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejiviringa kama mrija, na kwenye vibanja vya Nyakatuntu, kule Kyerwa, majani ya namna hiyo hayakosekani.

Ni mdogo ajabu: gramu 3 au 4 tu, kama sukari ya kijiko kimoja cha chai. Jani ni laini, angeteleza, ila vidole gumba na nyayo zake zina ngozi iliyotuna inayoshika vizuri. Shida ni kwamba jani halingoji mtu. Baada ya siku chache linakunjuka, naye hana budi kuhama. Nchini Kenya hujibanza hata kwenye mapaa ya makuti.

Ukiingia kibanjani na panga, chungulia kwanza mdomo wa jani lililojiviringa. Aliyelala humo hula wadudu usiku.