Kwa nini taa za gari hufifia besi inapogonga?

Jioni pale Kilindoni, Mafia, gari la matangazo unalisikia kabla hujaliona. Likipita gizani liangalie vizuri: besi ikigonga, taa za mbele zinafifia. Mtaani watakwambia, "Betri imechoka hiyo, weka kubwa." Mara nyingi siyo betri.

Tupige hesabu kidogo. Amplifaya inayotoa wati 1000 za kweli (siyo zile za kwenye boksi!) huvuta kama wati 1250, maana nyingine zinapotea kama joto. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampea 90 hivi. Alteneta ya gari dogo hutoa labda ampea 70 au 80, tena injini ikizunguka kwa kasi, na humo humo gari lichukue chake: taa, feni, plagi. Sasa gari la matangazo kazi yake ni kutembea polepole na kusimama, yaani pale pale ambapo alteneta inatoa kidogo. Pengo linazibwa na betri, volti zinashuka, taa zinafifia. Betri kubwa inakuongezea muda tu, kwa sababu kilichotoka lazima alteneta hiyo hiyo ikirudishe. Kapasita nayo husaidia kwa sehemu ya sekunde.

Lakini kabla ya kuagiza alteneta kubwa ije na boti kutoka Nyamisati, kagua nyaya. Kutoka betri hadi buti ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, ukipitisha ampea 90, unapoteza karibu volti 2. Hizo ni wati 170 na ushee za joto chini ya kapeti! Wa milimita 16 unapoteza nusu volti. Jihadhari na nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Zina unene wa kuvutia lakini umeme unapita kwa shida zaidi.

Umeme ukienda lazima urudi, na unarudia kwenye bodi. Hapa kisiwani upepo wa chumvi unakula bodi kimya kimya. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza bolti, paka grisi juu. Badilisha pia ule waya wa betri kwenda bodi, wa injini kwenda bodi, na wa alteneta kwenda betri. Kupima ni rahisi: muziki ukiwa juu, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya amplifaya. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, kuna mahali pamelegea au pana kutu.

Fyuzi, jamani. Ikae karibu kabisa na betri, siyo kwenye amplifaya peke yake. Kazi yake ni kulinda waya: ukichubuka ukagusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampea kwa mpigo, na moto unaanzia chini ya kiti cha dereva. Kwa waya wa milimita 16, ampea 100 zinatosha.