Pogoa Mibuni Baada ya Mavuno, Usikate Kahawa ya Mwakani

Wakulima wa kahawa wa Ndalu na maeneo mengine ya Kaunti ya Bungoma wanakumbushwa kupogoa mibuni mara tu mavuno yanapokwisha, kabla ya mvua za masika kuanza mwezi Machi. Mbuni ukiachwa hurefuka hadi mchumaji asifikie matunda ya juu. Hata hivyo, anayekata ovyo hupoteza mavuno ya mwaka unaofuata.

Sababu ni kwamba maua ya mbuni hutoka kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Pingili iliyokwisha kuzaa haizai tena. Kwa hivyo, tawi la kuondoa ni lililochakaa na kubaki bila majani, lililokauka, au linaloelekea ndani ya mti na kuzuia mwanga na hewa. Tawi lenye ncha changa na majani mabichi liachwe, kwani ndilo litakalochanua mvua ikinyesha.

Kilele kikatwe kwenye kimo cha mita 1.7 hivi. Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010, huhitaji uangalizi zaidi kwa kuwa hurefuka kuliko Ruiru 11 ya mwaka 1985.

Machipukizi yanayofuata yaondolewe yangali machanga, isipokuwa moja au mawili yenye nguvu karibu na ardhi, yatakayorithi shina lililozeeka. Mashina ya mti mmoja yasikatwe yote kwa pamoja, la sivyo mkulima atasubiri muda mrefu bila mavuno.

Asiye na hakika amwone afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kushika msumeno.