Fungu la Swichi: Istilahi na Utendaji Wake

Mfasiri wa miongozo ya mtandao hukutana mapema na kikwazo cha neno swichi. Kwa wasemaji wengi, neno hilo ni kidude cha ukutani cha kuwashia na kuzimia taa. Kwa fundi wa mtandao, swichi ni kisanduku bapa chenye matundu, aghalabu 24 au 48, yanayochomekwa nyaya za kompyuta, simu za mezani na printa. Husoma anwani iliyobebwa na kila kifurushi cha data na kukipeleka kwenye tundu linalostahiki. Muktadha hutosha kuzitenganisha maana hizo mbili. Ugumu huzuka swichi kadhaa zinapounganishwa zikafanya kazi kama moja. Hicho nacho kiitweje?

Jawabu linaweza kutafutwa Marikiti, soko la Mombasa lililo kando ya barabara ya Digo, pembezoni mwa Mji wa Kale. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza lililotiwa irabu likakaa, ingawa soko, mkopo wa zamani zaidi, lilikuwapo. Sokoni, nyanya na ndimu hupangwa mafungu. Fungu lina vitu vingi lakini hutajwa kwa bei moja. Rundo ni vitu vilivyolundikana tu. Kadhalika, swichi zilizopangwa kabatini moja juu ya nyingine ni rundo. Zikifungamanishwa kwa nyaya maalumu, zikawa na anwani moja ya usimamizi na usanidi mmoja, hapo ni fungu.

Manufaa yake ni dhahiri katika majengo ya Mji wa Kale. Kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofisha mawimbi ya redio, hivyo ofisi yenye vyumba vingi huhitaji nyaya, na waya wa shaba haupaswi kuzidi mita 100. Nyaya zikifika 120, swichi tatu za matundu 48 zinahitajika. Bila fungu, kila badiliko huandikwa mara tatu.

Katika swichi za Cisco Catalyst 3750, zilizoingia sokoni mwaka 2003, hadi swichi 9 huweza kufanya fungu. Kwanza huhakikishwa kuwa zote zina toleo moja la programu. Kisha, zikiwa zimezimwa, ya kwanza huungwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya mwisho hurudishwa kwa ya kwanza ili kufanya pete. Waya mmoja ukikatika, data hupita upande wa pili. Zikikatika mbili, fungu huweza kugawanyika, na kila kipande kikadai anwani ileile.

Zikiwashwa, swichi huchagua kiongozi. Neno la Kiingereza lililotumika katika miongozo ya mwanzo hutafsirika kama bwana, nalo katika pwani iliyojua utumwa huleta kivuli cha mtumwa. Miongozo ya baadaye imeliacha. Nahodha linafaa zaidi: nahodha ni mmoja wa walio chomboni, naye akishindwa, mwingine hushika usukani. Ndivyo fungu lifanyavyo.

Nahodha huwa ni swichi yenye kipaumbele kikubwa zaidi, kati ya 1 na 15. Zote hutoka kiwandani zikiwa na 1. Fundi asipobadilisha, na mengine yote yakilingana, hushinda yenye anwani ndogo zaidi ya maunzi, ambayo mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote. Uzee huo si sifa ya uongozi. Kwa hiyo swichi bora hupewa 15, na ya kuirithi 14.

Hatari kubwa huja wakati wa kuongeza mwanachama. Swichi mpya huungwa ikiwa imezimwa. Ikiungwa inawaka, manahodha hukutana wawili, uchaguzi hurudiwa, na upande ulioshindwa hujizima na kuwaka upya ukifuata usanidi wa mshindi. Mgeni asiye na usanidi wowote, lakini aliyepewa kipaumbele kikubwa, huweza kuufuta mpangilio wa ofisi nzima. Baada ya kuunga, hukaguliwa nahodha ni nani, kisha kila swichi hubandikwa namba yake ya uanachama usoni, kwani mwanachama hubaki na namba yake hata akihamishwa nafasi kabatini.