Kabla ya Kutenganisha Kioo cha Kompyuta Mpakato

Kompyuta mpakato inapoharibika, mara nyingi kioo chake hubaki kizima. Fundi anaweza kukitoa na kukifanya skrini ya kujitegemea, itakayounganishwa na kompyuta nyingine au king'amuzi. Kazi hii inawezekana. Hata hivyo, kwa mlaji wa Lituhi anayesafiri hadi Mbinga au Songea kumwona fundi, kifaa kisichooana humtoza nauli mara ya pili. Kwa hiyo tunawashauri walaji kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, waya pekee hautoshi. Tundu la HDMI la takribani kompyuta mpakato zote hutoa picha, halipokei. Kioo kilichotolewa huhitaji bodi yake ya kukiendesha, pamoja na umeme wake.

Pili, bodi huchaguliwa kwa namba ya kioo, si kwa ukubwa wake. Namba hiyo imeandikwa kwenye lebo iliyo nyuma ya kioo. Vioo viwili vya inchi 15.6 vinaweza kufanana kwa macho, ilhali kimoja kina kiunganishi cha pini 40 na kingine cha pini 30. Bodi isiyo sahihi inaweza kukiunguza kioo. Mtake fundi aisome namba hiyo kabla hujalipia bodi.

Tatu, zingatia umeme. Bodi nyingi za aina hii hutumia volti 12, na hivyo huwavutia wenye umeme wa jua. Lakini betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda na kuzidi volti 14. Usiunganishe bodi moja kwa moja na betri. Tumia kifaa cha kudhibiti volti.

Nne, linda usalama. Vioo vya zamani humulikwa kwa taa nyembamba zenye zebaki, zinazoendeshwa kwa mamia ya volti. Usivifungue mwenyewe. Betri ya kompyuta isitobolewe, isichomwe moto wala kutupwa ziwani.

Tano, toa diski yenye kumbukumbu zako kabla ya kukabidhi kompyuta. Picha, nyaraka na nywila zako hazihitajiki katika kazi ya kioo. Kumbuka pia kwamba kufungua kompyuta ambayo bado ina dhamana kunaweza kuiondoa dhamana hiyo.

Mwisho, kubalianeni kwa maandishi: namba ya kioo, bei ya bodi, ujira wa fundi, na nani atabeba hasara endapo bodi haitaoana. Kabla ya kumaliza malipo na kupanda gari la kurudi, washa skrini na uitazame kwa muda wa kutosha. Dai risiti na uitunze, kwani bila risiti wala makubaliano ya maandishi ni vigumu kwa mlaji kuthibitisha lalamiko lake, hata pale ambapo haki iko upande wake.