Mabomba ya Maji Moto Yapigapo Kelele

Mpishi wa parokia alinijia mbio: "Bwana Karani, paani mna pepo!" Kumbe ni mabomba ya mtambo wetu wa kupasha maji kwa jua. Wasomaji wapenzi, kila kelele ina maana yake.

Kishindo kimoja koki ifungwapo ghafula: maji yaliyokuwa mbioni yamezuiwa. Fungeni polepole.

Ta-ta-ta asubuhi na jioni: bomba larefuka kwa joto, lasinyaa kwa baridi. Bomba la shaba la mita 10, joto likizidi digrii 50, hurefuka kama milimita 8. Lishikwe vema bali lisibanwe. Livikwe mpira penye vishikizo.

Kububujika: hewa imenaswa. Maji moto hupanda yenyewe, basi bomba lipande moja kwa moja mpaka tangini, lisiwe na kigongo.

Ngurumo mchana: hatari! Maji yanachemka, pengine yamepungua, au chokaa imeziba njia. Msiguse kitu, jua likizama na mtambo ukipoa, mwiteni fundi. Wala msizibe kamwe vali ya usalama, hata ikivuja: mvuke uliofungiwa hupasua tangi na kuunguza watoto.

Letu lilikuwa na kigongo. Fundi alilinyosha, na pepo akatoka bila kukemewa.