Uzoefu wa miaka mitatu utatoka wapi?

Soma tangazo la kazi ya TEHAMA, liwe la Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na mara nyingi utakutana na sharti lile lile: shahada ya sayansi ya kompyuta au fani inayolingana nayo, pamoja na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Shahada zipo. Vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka, na wengi wao wamesoma kwa bidii. Uzoefu ndio hauonekani, kwa kuwa kila mwajiri anautaka ukiwa tayari na wachache mno wanakubali kuulea.

Upungufu tunaoulalamikia katika ukanda wetu uko daraja la kati, kwa watu wanaoweza kuachiwa mfumo usiku na wenye mali wakalala usingizi. Watu hao hawapatikani kwa kuongeza viti vya darasani peke yake.

Historia ya Andela inafundisha mengi hapa. Kampuni hiyo ilianza Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi na baadaye Kampala. Ilichukua vijana chipukizi, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawaunganisha na kampuni za nje, hasa za Marekani. Septemba 2019 ilitangaza hatua iliyowagusa vijana wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya: wengi wao waliachishwa kazi au kuwekwa katika hatari ya kuachishwa, kwa maelezo kwamba wateja walitaka waandishi wa programu waliokomaa. Hao walikuwa vijana waliochujwa kutoka katika umati wa waombaji. Ikiwa hata kampuni iliyozaliwa kwa ajili ya kulea chipukizi ilikosa wa kulipia miaka yao ya mwanzo, tusishangae kwamba kampuni ya kawaida ya Kijitonyama au Westlands haithubutu.

Lakini uzoefu wenyewe ni kitu gani? Chukua jambo moja tu, nakala rudufu za data. Chuoni mwanafunzi hufundishwa kwamba data inakiliwa kila siku na nakala huhifadhiwa mahali pengine. Kwenye mtihani ataandika hivyo na kupata alama zote. Sasa mweke katika hospitali, saa nne asubuhi. Mfumo umelala, foleni ya dirisha la malipo imetoka hadi nje, na diski ya seva imekufa. Nakala ipo, lakini hakuna aliyewahi kujaribu kuirejesha. Nywila ya kuifungua anayo nani? Toleo la kanzidata kwenye seva mpya linapokea nakala iliyotengenezwa na toleo la zamani? Malipo yaliyoingia tangu usiku wa manane hayamo ndani yake. Yataingizwa upya kutoka kwenye stakabadhi zipi, na nani atamweleza mhasibu?

Aliyewahi kupita katika hali hiyo akiwa pembeni ya mkubwa wake huanza kwa kusimamisha kila kinachoandika kwenye kanzidata. Huiacha ile diski mbovu bila kuichokonoa, kwani huenda kuna kitu cha kuokoa. Kisha hurejesha nakala kwenye mashine ya pembeni, akaikagua, ndipo awaruhusu watu kuingia. Asiyepita huko hurejesha nakala juu ya kile kilichobaki, na ikigoma amepoteza vyote viwili. Wote wawili wana shahada ile ile.

Mahitaji ya watu wa namna hii yanapanda kila mwaka, maana maisha yetu yamehamia kwenye mifumo ya kompyuta. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Leo simu ya mkononi ndiyo pochi ya mamilioni ya watu. Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yaliutikisa mfumo wa eCitizen, ambako Wakenya huomba pasipoti na vibali. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadhoofika Tanzania na kwa majirani. Juu ya hayo, sheria za kulinda taarifa binafsi zimepitishwa Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Taasisi zinahitaji watu wanaoelewa sheria na seva kwa pamoja, na hao ni adimu kweli kweli.

Utaniambia wanafunzi wanakwenda fildi, au atachimenti kama wasemavyo Kenya. Wanakwenda, kwa wiki chache au miezi michache. Wengi huishia kutoa fotokopi, kusakinisha programu za kuzuia virusi na kubadilisha wino wa printa. Gereji za Gerezani, Dar es Salaam, zinatushinda katika hili: kijana huanza kwa kushika spana na kuosha vyuma, lakini siku injini inapofunguliwa yupo, anatazama, anaulizwa. Kwetu, ama anafukuzwa chumba cha seva mwaka mzima, ama anaachiwa injini peke yake siku ya kwanza.

Akili mnemba imeongeza ugumu. Kazi ndogo ambazo chipukizi alianzia, kama kutengeneza fomu nyepesi au kusahihisha hitilafu ndogo, sasa mkubwa wake anaiagiza mashine na kupata jibu kwa dakika chache. Ngazi ya chini inaondolewa wakati tunalalamika kwamba hakuna aliye juu.

Tatizo kubwa liko kwenye fedha. Fundi mzoefu anayemsimamia mwanagenzi hupoteza saa za kazi, na saa hizo mteja halipii. Hata hivyo waajiri tayari wanachangia mafunzo. Tanzania kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayofahamika kama SDL. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Kenya mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Ningependa sehemu ya fedha hizo irudi kwa kampuni inayomchukua chipukizi kwa mwaka mmoja chini ya msimamizi anayejulikana kwa jina, na ilipe muda wa msimamizi huyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina uzoefu wa mfumo wa uanagenzi, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kazini. TEHAMA inaufaa mfumo huo kuliko fani nyingi, kwa sababu zana zake hubadilika kabla mtaala haujachapishwa.

Waajiri, msisubiri serikali imalize kupanga. Katika tangazo lenu lijalo tengeni nafasi moja isiyodai uzoefu, na kabla ya kuitangaza amueni ni nani atakayekaa na kijana huyo. Nawe kijana unayeitwa kwenye usaili, usiulize mshahara pekee. Uliza ni nani atakayekusimamia, na kama utaruhusiwa kuwepo mfumo unapoanguka.